Wakikosea Wakamtoa Mama

Binti yangu amesikia mahali kwamba kivumbasi kinafukuza mbu. Basi kila jioni anachuma matawi uani, anayaponda kidogo kwa kiganja, anayachomeka dirishani, na nyumba nzima inanuka. Mbu wenyewe, kwa taarifa yake, wapo na wamenenepa. Lakini sijamkataza. Harufu ile ikinifikia huwa natafuta kwanza pa kukaa, maana kwangu mimi kivumbasi si dawa ya mbu. Ni harufu ya siku aliyopungwa mama yangu.

Juzi nilimwambia hivyo, naye akauliza, “Kupungwa ndiyo nini hasa, mama?” Nikajibu haraka haraka, kama tunavyowajibu watoto, kwamba ni kutolewa pepo. Akaridhika, akarudi kwenye simu yake. Mimi ndiye sikuridhika. Nilimpa jibu lile lile nililopewa mimi nikiwa mdogo kuliko yeye, jibu lililonikosesha kula na kulala, kisha nikaja kuona kwa macho yangu kwamba lina kasoro. Kwa hiyo ngoja nilieleze vizuri. Nyie wa rika langu mliokulia huku kwetu mtanielewa. Hawa wa siku hizi wanasikia vipaza sauti vya maombezi vinapiga kelele za “toka, toka” tangu asubuhi, wanadhani ndiyo hayo hayo.

Tulikaa Kasingirima, katika nyumba ya bibi yangu mzaa baba. Baba alikuwa mtu wa ng’ambo. Anapakia chumvi na sabuni za mawese anapeleka Kongo, anarudi na vitenge, na akirudi hakai. Kwa hiyo nyumba ilikuwa ya Bibi. Alikuwa mzaliwa wa Ujiji, anajivunia Ujiji yake, na neno lake halirudiwi. Mama yangu alikuwa Muha wa Kalinzi, huko juu kwenye kahawa na baridi. Alisilimu alipoolewa, akapewa jina la Mariamu, na Kiha chake akakiacha mlangoni pamoja na viatu. Hakukatazwa kwa ukali, nisimsingizie mtu. Bibi alisema tu, “Humu ndani, mwanangu, tunasema Kiswahili, mtoto asije akachanganyikiwa.” Mama akajibu, “Haya, mama,” na ikawa hivyo.

Mama niliyemjua mimi alikuwa mtu wa kimya. Hakuwa wa kununa. Anakuogesha, anakulisha, anakusuka, yote kwa mikono, mdomo umefungwa. Nami nilikuwa mtoto wa pekee. Nyumba za wenzangu zilijaa watoto mpaka wengine wanalala barazani, kwetu nilikuwa peke yangu kama kidole gumba, na kila kitu nilikatazwa. Kuoga ziwani, marufuku. Kufuata watu msibani, marufuku. Nikikohoa mara mbili Bibi anafukiza ubani na kunisomea kichwani. Nilidhani ndivyo wanavyolelewa watoto wa pekee.

Mama alikuwa akinunua dagaa wabichi Katonga, anawaanika pale pale mchangani, wakikauka anawauza Ujiji. Siku nisizokwenda chuoni kusoma Kurani nilimfuata, kazi yangu ikiwa kufukuza kunguru. Siku moja akaja mwanamke wa milimani kununua dagaa. Alikuwa amebeba watoto wawili wachanga, mmoja mgongoni, mwingine kifuani, wamefanana kama punje za mahindi. Akamsalimia Mama kwa Kiha, “Mwakeye,” na Mama, ambaye sijawahi kumsikia akitoa neno la Kiha, akaitikia. Wakaongea. Yule mwanamke alikuwa akicheka, Mama hakuwa akicheka. Aliunyoosha mkono akaugusa unyayo wa yule mtoto wa kifuani, akaushika kwa muda mrefu kupita kiasi, mpaka mwenyewe akamsogeza mtoto.

Mwanamke alipoondoka Mama alibaki amesimama na ungo mkononi. Kisha ungo ukaanza kutetemeka, halafu mabega, halafu Mama mzima, akaanguka juu ya dagaa wa watu. Ikatoka sauti nene, ya kukwaruza, inasema Kiha kwa kasi. Wanawake wakamshika, mmoja akamfunika kwa kanga, mwingine akasema, “Huyu kapandwa. Ana pepo huyu.”

Mimi nilijua mara moja pepo yule katoka wapi. Katoka kwa yule mwanamke wa milimani. Alikuwa amebeba watoto wawili, mzigo umemzidi, basi kamtua pepo kwa mama yangu, akaenda zake na dagaa zake. Nilimchukia kwa muda mrefu mwanamke wa watu, na wala hakuwa amefanya kitu.

Baada ya siku ile ikawa ni jambo la kuja na kuondoka. Mara nyingi lilikuja mchana, Bibi akiwa amejilaza chumbani. Mama anachambua dagaa ukumbini, mara mikono inasimama, macho yanatazama mbali. Mara nyingine anaanguka kwa kishindo na Bibi anatoka mbio. Lakini mara nyingine haanguki, na hapo ndipo penye siri yangu.

Yule mwingine aliyemwingia Mama alikuwa ananipenda. Sina namna nyingine ya kulisema. Alikuwa ananivuta kifuani, ananinusa utosini, anaimba kwa Kiha taratibu huku akiniyumbisha. Alikuwa ananiita “mwana wanje”, mwanangu, na hilo nililielewa, halihitaji mkalimani. Na alikuwa ananiita jina jingine, sikioni kabisa, kana kwamba kuta zisisikie. Chiza, alisema. Chiza, Chiza. Nyie wa Kigoma mmeshajua. Tafadhali nyamazeni kwanza. Mimi jina langu lilikuwa Rukia, kwa hiyo nilifikiri Chiza ni mtoto wake mwenyewe, aliyemwacha huko milimani, na mimi ananichanganya naye. Ningemwuliza mtu mzima yeyote angeniambia maana yake. Sikuuliza. Niliona nikilitaja tu, wataninyang’anya.

Kisha anaondoka, Mama anarudi, ananitazama kama mtu aliyeamshwa, ananiweka chini na kuendelea na dagaa wake.

Mngeniacha mimi, hali ingeendelea hivyo hivyo. Lakini Mama alikuwa anakwisha. Chakula hakipiti. Mifupa ya mabega ilitokeza ikawa unaweza kutundikia nguo. Siku moja akaangukia jiko, mkono ukaungua kuanzia kiwiko mpaka karibu na kifundo, na Bibi aliyemwinua alikaa naye chini akilia waziwazi, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Alikwisha kumpeleka hospitali, wakampa vidonge vya damu. Alikwisha kumpeleka kwa shekhe akasomewa na kunywa kombe, maji yaliyooshewa aya. Jioni ile, akiwa anampaka asali kwenye kidonda, akasema kwa sauti ya kuchoka, “Huyu apungwe, kabla hajatufia.”

Neno lile ndiyo kwanza nilisikie. Nilikwenda kumwuliza Zaituni, binti wa jirani, ambaye alinizidi umri na alikuwa na jibu la kila kitu.

“Kupungwa ni kutolewa pepo,” akasema. “Anapigiwa ngoma, anafukizwa, anasemwa, mpaka anachoka anatoka.”

“Anatokea wapi?”

“Mdomoni. Wengine puani.”

“Akitoka anakwenda wapi?”

“Ziwani. Au kwa mtu mwingine aliyeacha mdomo wazi.”

Nikafunga mdomo. Baadaye nikaufungua kidogo. “Na wakikosea je?”

“Wakosee nini?”

“Si wako wawili humo ndani. Wakikosea wakamtoa Mama, wakamwacha yule?”

Zaituni alikuwa na jibu la kila kitu, nimeshasema, na mara hii nilimwomba Mungu Zaituni anicheke tu. Hakucheka. Alifikiri, akakuna kichwa, akasema, “Hapo sijui. Nadhani inaweza kutokea.”

Nikaamini. Nilikuwa nimeshaona Bibi akifukuza kuku ukumbini: unamlenga mmoja, wanatoka watatu. Nilikuwa nimeona mtu akimwaga maji machafu na kijiko kikaenda nayo. Tangu siku ile sikuweza kumeza. Ugali wa muhogo ulikwama kooni kama pamba, na usiku nilimshikilia Mama nguo kwa vidole vyote. Bibi akaniona, akanishika shingo kupima joto, akabadilika rangi. Nilidhani ananikasirikia kwa kutokula.

Na lilikuwepo jingine, zito zaidi, ambalo hata Zaituni sikumwambia. Kila nilipoomba wasikosee, nilijiuliza kukosea ni kupi. Mama ndiye mama yangu, aliyenizaa, mwenye mikono ninayoijua. Lakini yule mwingine ndiye aliyeniimbia. Wakimtoa, nani ataninusa utosini? Mtoto mwenye umri ule asipewe kuchagua hivyo. Nilikuwa nasimama nyuma ya mlango wa choo nikilia, kwa sababu ndipo mahali pekee ambapo Bibi hakunifuata.

Asubuhi ya siku yenyewe nikapata akili. Nilikuwa na ushanga mwekundu wa mkononi, wa uzi wa nailoni, kitu pekee kilichokuwa changu kweli. Nilimkuta Mama ameketi kitandani, ametulia, ni Mama kabisa. Nikaushika mkono wake usioungua, nikaufunga ushanga, nikakaza fundo mara tatu nne.

“Huu wa nini?” akauliza.

“Wakujue.”

“Akina nani?”

“Wanaokuja kupunga. Wajue kwamba mwenye ushanga ndiye Mama. Wasikutoe wewe.”

Aliniangalia, akaangalia ushanga. Mwisho akasema, “Kanywe uji, Rukia,” na akajifunika shuka mpaka usoni.

Fundi wa kupunga aliitwa Bi Tatu. Nilitegemea jitu la kutisha lenye fimbo. Akaja mama mfupi, mnene, mwenye miwani iliyofungwa uzi sikio moja, akavua kandambili mlangoni, akasalimiana na Bibi kwa muda mrefu kuhusu magoti. Alikuja na wapiga ngoma wawili na mwanamke wa manyanga. Hakukuwa na fimbo. Nilikagua.

Baada ya sala ya alasiri ukumbi ukatandikwa mikeka, jirani wa kike wakaingia, madirisha yakafungwa. Chungu kikaletwa kinachemka majani, mlimao, mkaratusi, na kivumbasi kwa wingi wake. Mama akakalishwa kwenye kigoda, akafunikwa shuka jeupe pamoja na chungu chake, na mvuke ukawa unatokea pembeni pembeni, ukumbi mzima unanuka, macho yanatuwasha. Ngoma ikaanza kwa chini. Wanawake wakaimba, nyimbo za kukaribisha, ingawa siku ile maneno sikuyashika. Bibi alikuwa amenibana ubavuni mwake. Nilikuwa natazama mkono mmoja tu, uliotokeza nje ya shuka, wenye ushanga mwekundu.

Ngoma ikapanda. Shuka likaanza kucheza. Mkono ukatetemeka, kisha Mama akaguna, akalitupa shuka, akawa anayumba kichwa huku na huku, jasho linamtiririka, na ile sauti ya kukwaruza ikatoka. Nikafumba mdomo kwa viganja viwili, kama alivyosema Zaituni. Nikajua sasa ndiyo wanamfukuza.

Bi Tatu akainua mkono, ngoma ikanyamaza.

“Mgeni njoo, mwenyeji apone,” akasema, kwa upole kabisa, kama mtu anayepokea watu wa harusi. “Karibu. Safari yako ndefu. Utakunywa maji?”

Akampa maji kwa kata. Yule akanywa, akarudisha kata kwa mikono miwili. Mimi nilitoa viganja mdomoni. Sijawahi kuona mtu anafukuzwa kwa kupewa maji.

“Haya, mgeni wetu, jina lako nani?”

Akajibu kwa Kiha. Bi Tatu Kiha alikijua, akamjibu, wakasemezana kidogo. Kisha akamwambia, “Sasa nakuomba useme kwa Kiswahili. Wenye nyumba nao wasikie.”

Akajibu taratibu, “Mimi Mama Bukuru.”

Wanawake wakavuta pumzi kwa pamoja, na mkono wa Bibi ukanikaza ubavuni mpaka nikaumia.

Kwa ninyi msio wa huku, niwaeleze. Kwa Waha mapacha hawatafutiwi majina, wanakuja nayo. Wa kwanza ni Bukuru, wa pili Butoyi. Na atakayezaliwa baada yao, awe wa kike awe wa kiume, ni Chiza. Hata kama kapewa majina mengine kumi, hata kama wale wawili wamekufa, yeye ni Chiza tu. Mtoto wa Kalinzi anayejua kukaa anajua hilo. Mimi niliyelelewa kwa Kiswahili kitupu nilikuwa silijui.

“Mama Bukuru,” Bi Tatu akasema, “watoto wako wako wapi?”

“Makaburini. Wanaitwa Hasani na Huseni. Nikiwaita hivyo hawageuki.”

“Unataka nini? Unataka nguo? Unataka marashi? Mbuzi? Sema, hapa ndipo pa kusema.”

“Nataka waitwe majina yao. Humu ndani ya nyumba hii.” Kile kichwa kilichokuwa kikiyumba kikasimama, macho yakanitazama mimi. “Na huyo aliye ubavuni mwa mama, naye aitwe lake.”

Watu wote wakanigeukia. Sijui kama mmewahi kutazamwa hivyo. Nilitaka kuingia chini ya mkeka.

Bi Tatu akamgeukia Bibi. “Mwenye nyumba, umesikia. Jibu ni lako, mimi fundi tu.”

“Haiwezekani,” Bibi akasema.

“Ameomba.”

“Aombe kingine. Nitampa mbuzi, nitampa wawili.” Sauti ya Bibi, ile isiyorudiwa, ilikuwa inatikisika. “Bi Tatu, wewe hujui. Wale watoto niliwaosha mimi kwa mikono hii, leo mmoja, keshokutwa mwingine. Nimeambiwa na waliotangulia, mtoto mchanga aliyekufa akitajwa ndani humwita mdogo wake. Tangu huyu azaliwe sijawataja, na nimemkataza mama yake asiwataje, na hilo jina la kumfunganisha nao sikutaka lisikike, ili wasijue kama yupo. Hali chakula sasa hivi, mwangalie. Nikiwaita, nani atanilindia huyu?”

Ndipo nilipojua kwamba nilikuwa na ndugu. Nilijua pia, ingawa si kwa maneno haya, kwa nini nilikatazwa ziwa, na msiba, na kukohoa. Bibi alikuwa amenificha. Alikuwa amenificha na kumziba mama yangu mdomo, kwa nia moja na kwa mkono mmoja.

Bi Tatu hakubishana naye. Alisema tu, “Mgeni asiyesikilizwa hahami, dada yangu. Anajenga.” Na kwenye kigoda yule mwingine akaanza tena kutetemeka, mkono wenye ushanga unapiga piga kwenye kidonda cha ule mwingine, na kidonda kikaanza kutoka damu. Hakuna aliyesogea. Nilimtazama Bibi, ameinamisha kichwa, machozi yanadondokea kanga. Nikaona wanakwenda kukosea kweli. Wanakwenda kumpoteza Mama na yule mwingine, wote wawili, kwa ajili yangu.

“Bibi,” nikasema. Sauti yangu ilitoka kama ya paka. “Mbona yeye ananiita hivyo kila siku.”

“Nini?”

“Chiza. Ananiita kila siku ukilala mchana. Na sijafa.”

Bibi aligeuza uso wangu kwa mkono wake, akanitazama jicho moja, kisha jingine. Akanishika shingo. Hapakuwa na joto.

“Na kula huli kwa nini?” akaninong’oneza.

“Naogopa mtamtoa Mama.”

Akaniachia shingo, akajifuta machozi kwa kanga. Bi Tatu akasogea karibu, akasema kwa chini, kama anamwelekeza mtu njia, “Waite wote watatu kwa pumzi moja. Wajue mdogo wao ana nyumba, na nyumba ina mwenyewe.”

Bibi akanipakata, mimi msichana mkubwa, akanifunika kwa kanga yake ya juu mpaka kichwani. Nikiwa humo gizani nilisikia moyo wake. Akaita.

“Bukuru.” Akasubiri, kana kwamba mtu ataitika kutoka uani. “Butoyi.” Akasubiri tena. Kisha akanishika kwa nguvu zake zote, na sauti ikakatika katikati. “Chiza.”

“Abee,” nikaitika.

Ukumbini ikasikika pumzi moja ndefu, na kishindo kidogo. Nilipotoa kichwa nikamwona Mama amelala ubavu kwenye mkeka, wanawake wanamfuta jasho, mmoja anamfunga kidonda. Alikuwa amelala usingizi wa kawaida, mdomo wazi. Niliuangalia sana ule mdomo.

Bi Tatu alikuwa ameshaanza kunywa chai. Nikamfuata. “Ametoka?”

“Nani?”

“Pepo.”

“Kwani umenisikia namwambia atoke?” Akapuliza chai. “Mimi nimempunga. Mtu ukimpunga unamkaribisha, unamwuliza shida yake, unampa haki yake, anatulia. Kukaa atakaa au ataondoka, hiyo shauri yake. Kufukuza hufukuzwa mbuzi kwenye muhogo.”

Wataalamu waje wanibishie, na shekhe wetu alikuwa na maneno yake kuhusu mambo haya, nayaheshimu. Mimi nasema nilichokiona. Mama hakuanguka tena. Kiha kikaingia ndani kidogo kidogo, kwanza salamu, kisha matusi madogo ya jikoni, na mwisho Bibi mwenyewe alikuwa akitupa neno na kucheka anavyolikosea, ingawa aliendelea kunishika shingo kila nikipita karibu yake, mpaka alipofariki. Nilipokuwa mtu mzima, nimeshazaa, nilimwuliza Mama kama siku ile aliyesema alikuwa yeye au alikuwa mwingine. Alikuwa anamenya muhogo. Akasema, “Unadhani mimi najua? Nilisikia mtu ananiuliza nataka nini. Tangu niingie nyumba ile ilikuwa mara ya kwanza. Nikajibu.” Akaendelea kumenya.

Lakini mtoto niliyekuwa mimi hakuyajua hayo. Jibu la Bi Tatu halikunitosha hata kidogo. Kama hakuna aliyefukuzwa, basi aliyelala pale ni nani? Nililazwa na Bibi, nikaamka kabla ya jua, nikatoka uani, nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa nikiutazama mlango wa chumba cha Mama. Chungu cha jana kilikuwa pale pale, majani yamelala chini, harufu yake imepoa. Nilikuwa nimeshapanga. Akitoka akaniita Rukia, kwa sauti yake, basi yule mwingine kaenda, na sitanuswa utosini tena. Akiniita Chiza kwa ile sauti ya kukwaruza, basi walikosea, na mama yangu yuko ziwani.

Mlango ukafunguka. Akatoka amejifunga kanga kifuani, mkono mmoja umefungwa kitambaa, ule mwingine ameuinua mbele ya uso, anahangaika na kitu kwenye kifundo.

“Chiza,” akasema. Ilikuwa sauti ya Mama.

“Abee.”

“Njoo unifungue huu ushanga. Ulikaza mno, unaniuma.”

Fundo lilikataa. Nililikata kwa meno, na alipokuwa ameniinamia hivyo, akaninusa utosini.